Pale Ulipoandika Hakuna

Mwanangu Jovina,

Ni jambo la ajabu kumwandikia barua mtu aliye chumba cha pili, ambaye namsikia akikunja nguo. Hatuna haja ya kuulizana hali. Yako naijua: umekula nusu sahani ukasema umeshiba. Yangu nayo unaijua, maana nimekohoa tangu mchana. Lakini yapo mambo ambayo nikianza kuyasema kwa mdomo naishia kufundisha, na wewe unaanza kutazama mlango. Ndiyo maana nimechukua daftari. Barua hii isome ndani ya basi, ukishapita Lusahunga, mahali ambapo huwezi kunijibu haraka.

Mambo ya blanketi, ya dawa za malaria na ya kutompa mtu usiyemjua mzigo wako akushikie, mama yako ameyamaliza, na ameyasema mara mbili mbili. Mimi sirudii hata moja. Nina jambo moja tu, nalo ni fomu yako ya upekuzi.

Nimeisoma. Sitasingizia kwamba upepo uliifungua. Juzi ulipokwenda mazoezi ya kwaya uliiacha mezani chini ya kitabu cha nyimbo, nikavaa miwani nikaisoma yote, tangu jina la bibi yako hadi majina ya wadhamini. Nimefanya vibaya kusoma karatasi ya mtu mzima bila ruhusa, na kosa hilo nalikubali kabla sijaanza kuyataja yako.

Ofisi iliyokuita itakukabidhi masijala ya siri. Nimemweleza mama yako kwamba hicho ni chumba cha majalada ambayo hata wakubwa wengi wa ofisi hiyohiyo hawaruhusiwi kuyafungua. Kabla hawajampa mtu funguo za chumba kama hicho, wanamchunguza. Fomu utaikabidhi Jumatatu. Na kwenye ukurasa wa tatu, pale wanapouliza kama unadaiwa na mtu, kikundi, benki au taasisi yoyote, umeandika kwa mwandiko wako mzuri: Hakuna.

Mahali pa sahihi bado ni patupu. Nilipoona hivyo nilivua miwani nikashukuru. Hiyo ndiyo nafasi pekee niliyobaki nayo.

Mwezi uliopita, nikiwa shambani napunguza majani ya migomba, simu yangu ililia mfukoni. Ulikuwa ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Uliniambia mimi ni mtu wa karibu wa Jovina, kwamba Jovina alichukua mkopo na sasa anajificha, na kwamba nimwambie alipe leo kabla jina lake halijasambazwa kwa watu wote anaowafahamu. Niliusoma mara tatu nikiwa nimesimama na panga mkononi. Jioni nikakuuliza. Nadhani unakumbuka.

"Jovina, kuna watu wanasema unadaiwa, na mimi nikuambie ulipe."

Ulicheka. "Baba, hao ni matapeli. Wanamtumia kila mtu ujumbe."

"Jina lako wamelijuaje?"

"Baba nawe! Siku hizi majina yanauzwa kama nyanya."

Mama yako akaingilia kati. "Mwache mtoto ale. Wewe hata kuku akitaga nje unataka kujua alikuwa kwa nani."

Mkacheka wote wawili, na mimi nikacheka. Lakini kuanzia siku ile nilikuangalia. Niliona simu yako inalazwa kifudifudi kila unapokaa. Niliona unakwenda nyuma ya jiko kupokea, unarudi na uso uliooshwa kwa maji. Ulisema unakwenda Biharamulo kumrudishia rafiki vitabu. Ulipoondoka, mkoba ulikuvuta bega. Uliporudi, uliushusha kwa kidole kimoja. Kompyuta yako sijaiona tangu siku hiyo, na hujaitaja.

Huenda nimekosea yote. Mama yako anasema mimi nikikosa cha kushuku nitaanza kushuku kivuli changu, na kwa kiasi fulani anasema kweli. Lakini kushuku huku sikuzaliwa nako. Nilijifunza mahali, na sijawahi kukueleza ni wapi. Na mimi niliwahi kuandika Hakuna.

Ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa bwana shamba, nimehamishwa kutoka Nyamigogo, nimerudi huku kwetu Keza na baiskeli ya serikali isiyo na breki. Miaka ile wakimbizi walikuwa wengi, na ofisi moja ilitafuta watu wa hapahapa wanaoijua mipaka na lugha zake, wakae na orodha na barua ambazo hazikutakiwa kusomwa na kila mtu. Jina langu lilipendekezwa. Mshahara ungekuwa karibu mara mbili ya ule wa ubwana shamba, na kulikuwa na nyumba. Nikapewa fomu, si tofauti sana na yako. Waliuliza madeni. Waliuliza kama nina ndugu nje ya nchi.

Wakati huo zizini kwangu kulikuwa na ng'ombe ambaye hakuwa wangu. Nilipewa na mume wa shangazi yangu, shangazi aliyeolewa ng'ambo, Burundi, mwendo wa nusu siku kwa miguu. Mama yako alikuwa na mtoto mchanga, kaka yako, na migomba yangu ilikuwa imekonda kwa kukosa samadi. Aibu kubwa kwa mtu anayewafundisha wenzake kilimo. Wewe umekua wakati desturi hii imefifia, kwa hiyo nikueleze. Mtu anakupa ng'ombe umtunze. Maziwa ni yako na samadi ni yako, ila ng'ombe mwenyewe anabaki kuwa wa aliyekupa. Akizaa ndama jike, wa kwanza unampeleka kwake. Mpaka siku utakapompeleka, anakudai. Haiandikwi karatasi. Inanywewa pombe ya ndizi siku ng'ombe anapotoka, na wote walioinywa ni mashahidi.

Ng'ombe akazaa jike. Nikamuuza. Nilimpeleka mnadani na jirani yangu Zakaria, nikanunua baiskeli yangu mwenyewe, yenye breki, na kwa mume wa shangazi nikatuma salamu kwamba ndama alikufa kwa ugonjwa wa kupe. Mimi, bwana shamba! Nilichagua ugonjwa ambao hakuna mtu angethubutu kubishana nami juu yake.

Kwa hiyo fomu ilipokuja nilijieleza vizuri sana. Nikajiambia wanauliza deni, na deni ni la fedha; ng'ombe ni mambo ya ukoo. Nikajiambia wanauliza ndugu, na mume wa shangazi si damu yangu. Unajua jinsi ninavyopenda kueleza. Siku ile sikuwa na mwanafunzi mwingine zaidi yangu mwenyewe, na mwanafunzi huyo alikuwa mwepesi kuelewa. Nikaandika Hakuna mara mbili, nikasaini.

Baada ya miezi kadhaa ilikuja barua fupi kwamba sikufanikiwa. Sababu haikuandikwa, kwani huwa hawaandiki. Nami nikaanza kupeleleza wapelelezi. Nani alijua habari ya ndama? Zakaria. Nani alionekana akizungumza na mgeni mbele ya ofisi ya kata? Zakaria. Kisha wiki chache baadaye nikapita kwake nikasikia redio inalia ndani, redio ambayo sikuwahi kuiona. Basi, nikasema, malipo yenyewe ndiyo hayo.

Sikumuuliza. Hilo nataka ulisome polepole. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba sikuona haja ya kuuliza. Nilibadilisha njia ya kwenda kanisani ili nisipite mlangoni kwake. Alipokuja kuomba samadi nilimwambia imekwisha, na lundo lilikuwa nyuma yangu linatoa moshi. Watu walituuliza kuna nini, nikawajibu hakuna kitu, neno lilelile. Mke wake alipofariki nilikwenda msibani, kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Lakini wanaume walipopokezana jembe kuchimba kaburi, na zamu ikanifikia mimi, jirani wa mpaka mmoja, nikajifanya naongea na katekista. Jembe likapita mbele yangu likaenda kwa mwingine. Kila mtu aliona. Zakaria aliona.

Ilichukua miaka kumi na moja. Tayari nilikuwa nimekaribia kustaafu, nikaalikwa harusi Nyamigogo, kwa mtoto wa mfanyakazi mwenzangu wa zamani. Nikaketishwa karibu na mzee mmoja mwenye koti la kijivu, mchangamfu, anayekula kwa haraka. Alinitazama kidogo, kisha akaniambia:

"Bwana Shamba wa Keza! Mtindi wako bado naukumbuka."

"Tulijuana wapi, mzee mwenzangu?"

"Nilikuja kwako kununua mtamba."

"Ukanunua?"

"Sikuwa nimekuja kununua," akasema, akaendelea kutafuna.

Nikamkumbuka. Alikuja na baiskeli, mchana wa jua kali, akajitambulisha kuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Akamwonyesha kwa kidole yule ng'ombe zizini. Nikamwambia hauzwi. "Kila kitu kina bei, Bwana Shamba." Nikamjibu huyu ana mwenyewe, mimi ni mchungaji tu. "Mwenyewe wa wapi?" Nikacheka: "Wa ng'ambo. Kuna ng'ambo nyingine unayoijua?" Akaomba maji, nikampa mtindi. Akauliza ng'ombe amekwisha zaa mara ngapi, nikamwambia mara mbili. Na wa kwanza yuko wapi? Nami, kwa sababu nilitaka mgeni acheke, nikaipiga baiskeli yangu mpya kofi kwenye kiti, nikamwambia: "Wa kwanza ndiye huyu hapa. Siku hizi anakula hewa, hali majani."

Alicheka kweli. Akamaliza mtindi, akashukuru, akaenda zake.

Jovina, hakuna aliyenichongea. Nilijichongea mwenyewe, kwa kinywa kipana, kwa mtu nisiyemjua, kwa sababu uongo wangu ulikuwa umenichosha mpaka nikautafutia mahali pa kuuchekea. Kwenye fomu ulikuwa siri na zizini ulikuwa mzaha. Mtu anayeficha jambo hawezi kulificha pande zote. Upande mmoja huuacha wazi bila yeye kujua, na huo ndio upande wanaoujia.

Nilimuuliza yule mzee, "Na jirani yangu Zakaria, yeye aliwaambia nini?"

"Yule? Alitusumbua. Alisema wewe upo nyumbani, tukuulize wewe. Tukamwahidi soda, akasema hanywi soda."

Nikamuuliza lililokuwa likiniuma zaidi. Ni kweli walininyima kazi kwa ajili ya ng'ombe?

Akapangusa mikono. Akasema, na mimi nakuandikia maneno yake kadiri ninavyoyakumbuka: "Ng'ombe wa kupewa wilaya nzima walikuwa nao. Ndugu ng'ambo kila mtu wa mpakani anaye. Ungeandika, tungesoma, tungepita. Lakini uliandika hakuna. Sasa fikiri, Bwana Shamba. Mwenye ng'ombe siku moja anasikia ndama wake aliuzwa. Hakuji na kelele. Anakuja taratibu ofisini kwako, anasema mkwe, yaliyopita yamepita, nitafutie tu karatasi moja kwenye yale majalada yako. Ungemnyima?"

Nilijua kwamba nisingemnyima. Ningejieleza vizuri, ningempa.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho watu wengi hawakielewi kuhusu upekuzi. Wanadhani serikali inachukia wenye madeni. Ingekuwa hivyo ofisi zote zingekuwa tupu, maana nani hadaiwi? Deni linalojulikana lina mwenye kudai, lina kiasi, lina siku ya kwisha. Ukilificha linageuka kuwa kamba iliyofungwa kiunoni mwako, na hujui ncha ya pili imeshikwa na nani. Leo imeshikwa na mkopeshaji. Kesho anaiuza kwa mwingine. Wanaokuchunguza hawatafuti mtu msafi. Wanatafuta kama kuna kamba ambayo wewe mwenyewe hujaionyesha. Ndiyo maana wanauliza jambo lilelile kwako, kwa mwenye nyumba wako, kwa mwalimu wako na kwa mtu anayeuza vocha njia panda, halafu wanayalinganisha majibu.

Niliporudi kutoka Nyamigogo nilikwenda moja kwa moja kwa Zakaria, na nguo zangu za harusi. Alikuwa anamenya maharage. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Kwa hiyo miaka yote hii ulidhani ni mimi?"

"Ndiyo."

"Na ile redio?"

"Na redio pia."

"Bwana Shamba! Redio ilikuwa ya mkwe wangu, aliileta nimtafutie fundi. Ililia siku mbili ikafa." Akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Miaka kumi na moja umeninyima mavi ya ng'ombe kwa kosa la mdomo wako! Wewe msomi, wewe!"

Nikacheka naye. Kisha yeye akaacha kucheka kabla yangu.

"Ila siku ile ya mama watoto, hukushika jembe."

"Sikushika."

"Hilo la jembe sijui tulifanyeje," akasema, akaendelea kumenya.

Tunasalimiana sasa. Umeona anavyonitania njiani, na ulidhani sisi ni marafiki wa siku zote. Lakini hajawahi kukaa tena ndani ya nyumba yangu, nami sijathubutu kumuuliza kwa nini. Mtamba wa deni nilimswaga mwenyewe hadi ng'ambo mwaka uliofuata. Mume wa shangazi alikuwa amekwisha fariki. Mwanawe akampokea, akaniambia baba yake alijua tangu mwanzo, kwa sababu kupe hawaui ndama mmoja na kuacha zizi zima. Alikuwa akingoja niseme mwenyewe. Alingoja mpaka akafa.

Sasa turudi kwako, na hapa kalamu inakuwa nzito.

Mwaka jana, kabla ya masika, ulikuja kutoka Biharamulo ulikokuwa unajitolea kufundisha, ukaja na mabati. Ulisema shule imewalipa malimbikizo yote kwa mkupuo. Tukaezeka jiko, tukaezeka na upande huu ninaokaa sasa. Nilijisifu. Nilimwambia katekista, nikamwambia Zakaria, nikamwambia hata mwendesha pikipiki ambaye hakuniuliza. Binti yangu hata ajira ya kudumu hajapata, lakini tazameni.

Mtu aliyeshuku redio ya jirani kwa miaka kumi na moja hakuuliza hata swali moja kuhusu mabati ya bintiye. Shule inayowalipa walimu wa kujitolea malimbikizo kwa mkupuo, mimi naijua wapi? Nilifanya kazi serikalini miaka thelathini na sikuwahi kuona jambo hilo. Lakini mvua ilikuwa hainipigi tena, na watu walinisifu. Nimegundua kwamba kushuku kwangu siku zote kumechagua pa kwenda. Huenda kwa watu walioniudhi na kupita mbali na vitu vinavyonipendeza.

Kwa hiyo, kama mkopo ule wa simu ndio uliokuwa mabati, na mkopo wa pili ukalipa wa kwanza, na wa tatu ukalipa wa pili, kama ninavyosikia ndivyo wanavyozunguka, basi nusu ya deni hilo ni langu. Sisemi hivyo kwa huruma. Nilikaa chini ya kitu hicho nikijivuna, nikakufanya uone kwamba kurudi nyumbani mikono mitupu baada ya chuo ni aibu. Huenda kuna siku nilisema mtoto wa fulani amejenga. Nadhani nilisema. Kama nilisema, naomba radhi.

Tutalipa pamoja. Mavuno ya maharage si mabaya, na mama yako, usishtuke, anajua. Nilimweleza jana. Akasema, "Ndiyo maana anaosha uso kila saa." Hakusema lingine, na kesho atakufungia karanga kama kawaida, kwa hiyo usiogope kumtazama.

Lakini kuna jambo lililonitia hofu kuliko deni. Jumanne ulikuwa nyuma ya jiko, na ukuta ule ni wa miti na udongo, hauzuii sauti. Nilisikia ukisema: "Sasa huyo mtu wako wa ndani anataka shilingi ngapi?" Kisha ukasema: "Ana uhakika lakini?"

Sijui ulikuwa unaongea na nani. Nimejaribu kulifikiria kwa wema. Nimejaribu kusema labda ni habari ya kazi ya rafiki yako, au kiwanja. Lakini nadhani kuna mtu amekuambia anao mkono ndani, anaweza kufanya upekuzi wako upite bila mtu kutazama ukurasa wa tatu. Mwanangu, tuseme mtu huyo si tapeli. Tuseme ni kweli ana mkono ndani. Anakuuzia nini? Anakuuzia siri yako mwenyewe, na nakala anabaki nayo. Siku utakapokuwa umeketi masijala, na funguo mfukoni, hatasahau njia ya kufika kwako. Wakopeshaji watakusumbua mpaka uwalipe. Huyu hutamaliza kumlipa.

Na kama ni tapeli, ambalo ndilo ninaloliamini zaidi, basi mshukuru Mungu, maana utakuwa umepoteza fedha tu.

Nikuambie ninavyodhani, nawe uamue, maana fomu ni yako. Katika nafasi ile wanataka mistari miwili mitatu. Nani anakudai, tangu lini, imebaki kiasi gani, unalipaje. Kompyuta kama umeiweka rehani au umeiuza ili ulipe, andika pia. Hiyo inaonyesha mtu anayehangaika kulipa, si anayekimbia. Ukurasa ukishakatwa kalamu utaonekana mchafu, najua unavyopenda karatasi safi. Omba fomu nyingine hapo hapo mapokezi, useme uliharibu. Watu huharibu fomu kila siku.

Siwezi kukuahidi kwamba watakuchukua. Itakuwa ni kukudanganya tena, na katika nyumba hii tumedanganyana vya kutosha. Yule mzee wa Nyamigogo alisema wangepita, lakini yeye amestaafu, alikuwa ameshiba nyama ya harusi, na mimi sina uhakika naye hata leo. Inawezekana ukaandika kweli na wakakurudisha. Utarudi Keza, watu watauliza, Zakaria atatoa mzaha wake, na utalia siku chache. Hilo litapita. Mimi nimeishi na lile lingine, na halijapita.

Leo mchana, tulipokuwa tunafunga begi lako kwa kamba, uliniambia bila kuinua macho: "Baba, wakija watu kuuliza habari zangu, wewe sema tu hujui lolote."

Nikasema, "Tutaona." Ukatabasamu, ukakaza fundo. Uliichukua kuwa ndiyo. Nilikuona ukiichukua, nami nikakuacha, kwa sababu nilikosa nguvu ya kusema mbele ya mama yako. Ndiyo maana ninaandika.

Jibu langu si ndiyo. Atakapokuja mtu hapa, awe na gari au kwa miguu, aseme ananunua ndizi au anatafuta njia ya kwenda Kasulo, nitamtolea kiti. Nitamwambia binti yangu ni mchapakazi, hajawahi kuchukua kitu cha mtu, alisoma kwa mwanga wa simu, na ana moyo wa kuwaezekea wazazi wake kabla ya kujinunulia viatu. Yote hayo nitayasema kwanza na nitayasema kwa muda mrefu, unanijua. Kisha akiniuliza kuhusu deni, nitamwambia ninalolijua.

Sitafanya hivyo kwa kukukomoa. Nakuambia leo ili usije ukanishuku kesho, ukabadilisha njia kwa sababu yangu, kama nilivyofanya mimi kwa mtu asiye na kosa. Safari hii aliyesema atakuwa ni mimi kweli, na nimekutangulizia habari.

Kwa hiyo umeniacha nyuma kwa siku mbili. Kuanzia hapo ulipo, ndani ya basi, mpaka Jumatatu asubuhi, wewe ndiye pekee unayeweza kulisema jambo hili kabla hajalisema mtu mwingine. Wahi.

Ni mimi baba yako, ambaye angependa wakifika wakute hana jipya la kuwaambia.